Uhuru wa Ruby wahitaji nidhamu ya mwandishi

LUGHA ya programu iitwayo Ruby humruhusu mtu kueleza jambo moja kwa njia nyingi, na tarakilishi haimlaumu kwa njia yoyote anayoichagua. Anayeumia ni binadamu atakayeifungua kazi hiyo miezi kadhaa baadaye akitafuta hitilafu, asijue mwenzake alikusudia nini.

Kwa sababu hiyo, waandishi wa programu hujiwekea kanuni za uandishi: jinsi ya kuvipa vitu majina, mahali pa kuacha nafasi na urefu wa mstari. Kwa asiyeijua taaluma hii, mabishano kuhusu nafasi mbili au nne huonekana kuwa upuuzi. Hata hivyo, baadhi ya kanuni hizo ndizo zinazotenganisha hesabu sahihi na hasara.

Ruby ilibuniwa na Mjapani Yukihiro Matsumoto, aliyeanza kuiwazia mwaka wa 1993 na kuitoa kwa umma mwaka wa 1995. Azma yake ilikuwa kuunda lugha itakayomfurahisha mwandishi kabla ya kuirahisishia mashine kazi. Ilivuma zaidi baada ya mwaka wa 2004, David Heinemeier Hansson wa Denmark alipotoa Rails, mfumo wa kuundia tovuti kwa kutumia lugha hiyo.

Furaha hiyo ina gharama yake. Lugha ya Python, kwa mfano, humlazimisha mwandishi kuiingiza ndani mistari iliyo chini ya sharti fulani, la sivyo programu hukataa kufanya kazi. Ruby haijali. Mistari yote yaweza kuanzia ukingoni, au kila mmoja ukaanzia mahali pake, na bado matokeo yakawa yale yale. Nidhamu ambayo lugha haikuiweka, sharti mwandishi ajiwekee mwenyewe.

Jina ni ahadi

Desturi iliyoenea miongoni mwa watumiaji wa Ruby ni kuingiza mstari ndani kwa nafasi 2. Majina ya kawaida huandikwa kwa herufi ndogo na maneno yake kuunganishwa kwa kistari cha chini, mathalan jumla_ya_mauzo. Majina ya klasi, yaani vielelezo ambavyo vitu vya programu huundwa kwavyo, huandikwa kama OrodhaYaWateja. Thamani isiyotarajiwa kubadilika huandikwa yote kwa herufi kubwa, kama vile KIWANGO_CHA_KODI.

Kwa mpangilio huo, msomaji hutambua aina ya kitu kwa kukitupia jicho tu, kabla hajajua kazi yake.

Aidha, Ruby huruhusu jina la methodi, yaani kifungu cha maagizo chenye jina lake, liishie kwa kiulizi au alama ya hisi. Kwa desturi, methodi yenye kiulizi, kama amelipa?, hutoa jibu la ndiyo au la pekee. Yenye alama ya hisi humtahadharisha msomaji kwamba kuna hatari. Methodi ya sort hutoa orodha mpya iliyopangwa na kuiacha ya zamani ilivyokuwa, ilhali sort! huipangua orodha yenyewe.

Lugha haihakikishi kwamba ahadi hizo zinatimizwa. Mtu akiiandika methodi iitwayo amelipa? kisha akaiagiza ifute rekodi za wateja, Ruby itatii bila ya kuuliza. Atakayeiita akidhani anauliza swali tu, atakuwa amefuta rekodi bila kujua.

Mtindo unapogeuka hitilafu

Kuna mahali ambapo uchaguzi unaoonekana kuwa wa ladha tu huyabadilisha matokeo. Ruby ina njia mbili za kusema "na": neno and, na alama ya &&. Wageni wengi hudhani kwamba hizo ni sawa.

Tuchukue mfano wa duka linalouza bidhaa kupitia intaneti. Mwandishi anataka risiti itolewe iwapo mteja amelipa na benki imethibitisha malipo. Anaandika hivi: toa_risiti = amelipa and imethibitishwa. Ruby huitekeleza alama ya = kabla ya neno and. Kwa hivyo, toa_risiti hupokea jibu la amelipa pekee, na uthibitisho wa benki hauhesabiwi. Risiti hutoka hata kama benki imekataa. Lau angetumia &&, masharti yote mawili yangezingatiwa.

Ndiyo maana miongozo mingi hushauri maneno and na or yaepukwe katika masharti. Anayeifuata kanuni hiyo hahitaji kukumbuka mtego huu kila siku.

Mfano mwingine ni wa mabano yaliyopinda na maneno do na end, ambayo yote hutumika kufungia kikundi cha maagizo. Desturi ni kutumia mabano pale maagizo yanapotosha katika mstari mmoja, na do na end yakiwa ya mistari mingi. Marehemu Jim Weirich, Mmarekani aliyeunda zana ya Rake, alikuwa na kanuni yake tofauti: mabano pale anapoyahitaji matokeo, na do na end pale anapohitaji kitendo tu. Kanuni yake ilianza kama mazoea ya mtu mmoja, lakini wengine waliifuata kwa sababu ilimpasha msomaji habari.

Madhara ya mpangilio unaopotosha yalidhihirika Februari 2014, ingawa si katika Ruby. Kampuni ya Apple ililazimika kurekebisha programu ya simu na tarakilishi zake zilizoandikwa kwa lugha ya C. Mstari mmoja ulikuwa umerudiwa kimakosa, na kwa kuwa uliingizwa ndani sawa na ule wa juu yake, ulionekana kuwa chini ya sharti lile lile. Kumbe ulikuwa ukitekelezwa wakati wote, na hivyo kuruka ukaguzi muhimu wa usalama wa mawasiliano. Jicho liliamini mpangilio, mashine ikafuata maandishi.

Yangu, yako au yetu?

Mtu anayejiandikia peke yake ana hiari ya kufuata mtindo autakao, mradi asiubadilishe kila ukurasa. Matatizo huzuka watu kadhaa wanapoishughulikia kazi moja. Fahali wawili hawakai zizi moja: huyu hupendelea alama moja ya mtajo, yule mbili, kila mmoja huirekebisha kazi ya mwenzake, na siku inaisha bila ya jambo jipya kutendeka.

Mwaka wa 2011, Bozhidar Batsov wa Bulgaria alianza kukusanya mwongozo wa mtindo wa Ruby ambao umeendelezwa na watu wengi. Mwaka uliofuata alianzisha RuboCop, programu inayokagua maandishi, kuonyesha palipokiuka kanuni na hata kuparekebisha. Kampuni kama GitHub, Shopify na Airbnb nazo zimechapisha miongozo yao, na hazikubaliani katika kila jambo.

Hata miongozo yenyewe hubadilika. Kikomo cha herufi 80 katika mstari ni urithi wa mitambo ya zamani. Kadi za IBM za mwaka wa 1928 zilikuwa na safu 80. Mnamo 2020, RuboCop iliongeza kikomo chake cha kawaida hadi 120.

Mwongozo wa Batsov hushauri pia majina yawe ya Kiingereza, na unatoa neno la Kibulgaria lenye maana ya mshahara kama mfano wa kuepukwa. Ushauri huo una mantiki kwa kazi itakayosomwa na watu wa mataifa mengi. Lakini Ruby haimkatazi mtu kuandika mshahara_wa_mwezi, na timu ambayo wote ni Waswahili yaweza kuafikiana hivyo. Lenye madhara ni kuchanganya: salary hapa na mshahara pale, msomaji akidhani ni vitu viwili.

Anayeanza kujifunza hahitaji kukariri kanuni zote. Inamtosha kuchagua mwongozo mmoja, kuiachia RuboCop kazi ya kukagua nafasi na alama, na kuelekeza akili yake kwenye majina na mantiki. Akijiunga na timu, afuate mtindo alioukuta hata kama haumpendezi. Akitaka kuurekebisha, mabadiliko ya mtindo yasichanganywe na mabadiliko ya kazi yenyewe, maana mstari mmoja uliobadili hesabu hupotea kwa urahisi kati ya mistari 300 iliyosogezwa nafasi tu.