Kubuni huduma za simu ni kazi, lakini mzazi apige hesabu kwanza

Kijana aliyemaliza shule akisema anataka kuwa mbunifu wa huduma za kidijitali, mzazi anayeishi kwa kuuza mahindi au dagaa ana haki ya kuuliza: hiyo ni kazi gani, na fedha nitakazotoa zitarudi lini?

Swali la kwanza linajibiwa na simu iliyo mfukoni mwake. Oktoba 2005 kampuni za Vodafone na Safaricom zilianza majaribio ya M-Pesa nchini Kenya, zikishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa wakopaji wapokee na kurejesha mikopo kwa simu. Waliofuatilia majaribio hayo waliona jambo ambalo halikuwamo kwenye mpango. Watu walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao, na baadhi ya wafanyabiashara wakiweka humo mauzo ya siku ili fedha taslimu zisilale dukani.

Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo iliwekwa kando na ujumbe ukawa mmoja: tuma pesa nyumbani. Menyu ilikaa kwenye laini yenyewe, hivyo simu ya bei nafuu ilitosha. Mwaka 2008 huduma hiyo ikaingia Tanzania kupitia Vodacom.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mbunifu. Si kuchora picha za kupendeza tu. Ni kujua mtumiaji anataka nini, apitie hatua ngapi, na akikosea aokolewe vipi. Mkulima anayekosea tarakimu moja anaweza kumpelekea mtu asiyemjua fedha zote za mbolea. Huduma inayomwonyesha jina la mpokeaji kabla hajathibitisha humwepusha na hasara hiyo.

Kuianza kazi hii hakuhitaji mtaji mkubwa. Kijana achague huduma inayotumika kijijini, kwa mfano namna chama cha ushirika kinavyowajulisha wanachama malipo yao. Aketi na watu watano, mmoja mmoja, awaangalie wakiitumia bila kuwasaidia, na aandike kila wanapokwama. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Kisha achore kwenye karatasi menyu iliyo bora zaidi na kuijaribu tena kwa watu wengine.

Kila kazi aiandikie maelezo mafupi: tatizo lilikuwa nini, aliona nini, alibadilisha nini, na matokeo yakawaje. Mwajiri wa fani hii huomba kuona kazi za namna hiyo, na cheti kitupu hakimtoshi. Baadaye kijana anaweza kujifunza programu ya Figma, ambayo hufunguka kwenye intaneti na ina sehemu isiyolipiwa.

Kuhusu marejesho, mzazi aichukulie kama kahawa: miaka kama mitatu ya kupalilia kabla ya mavuno ya maana. Nafasi nyingi ziko mijini, na anayetafuta wateja wa nje hushindana na vijana wa dunia nzima. Michoro ya kawaida sasa hutengenezwa pia na akili mnemba kwa dakika chache. Asichokipata mshindani wa mbali kwa urahisi ni kujua mkulima anavyopima gunia, anavyokopa pembejeo na anavyomwamini wakala. Huo ndio mtaji wa mtoto wa kijijini.

Kwa hiyo mzazi asiuze shamba wala ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya kompyuta. Ampe kijana miezi mitatu ya daftari, kalamu na simu ya nyumbani. Akileta kazi moja iliyokamilika, yenye watu waliojaribu na kasoro zilizorekebishwa, hapo inafaa kuzungumzia kompyuta mpakato iliyotumika na fedha za vifurushi. Asipoileta, familia itakuwa imepoteza daftari tu.