Kiti cha mtoto kilikuwa mu gari, lakini hakikufungwa

Siku ya posho ile tulitoka Lubumbashi mapema, kusudi tufike Likasi mbele ya jua kali. Mkwe wangu alikuwa ku volani, mimi pembeni yake, binti yangu nyuma pamoja na mtoto wake wa wiki saba. Tulikuwa tunaenda kumwonyesha mtoto kwa nkambo yake. Mtoto alikuwa ndani ya kiti chake, kiti kizuri cha rangi ya kijivu, okazio ya Ulaya, tulikinunua dola 40 kwa mtu mwenye kufungua kontenere ku Kampemba. Nyumba nzima ilikifurahia. Majirani walikuja hata kukipiga picha.

Hatukufika mbali. Kamyo moja ya kubeba madini ilikuwa imekufa kati ya barabara, pasipo taa, matawi ya miti tu nyuma yake. Mkwe wangu aliiona alipomaliza kona, akasimamisha gari kwa nguvu. Tulikuwa labda na kilometa 50 kwa saa, si zaidi. Gari ilisimama. Kiti cha mtoto hakikusimama. Kilitoka pahali pake, kikainama mbele, kikagonga mgongo wa kiti changu. Binti yangu alikidaka na mikono yote mbili. Mtoto alilia, kiisha akanyamaza, akalala tena. Hakuumia. Sisi wakubwa njo tulibaki kutetemeka pembeni ya barabara, hakuna mwenye kusema neno.

Nilipofungua mlango wa nyuma nilielewa. Mkaba wa gari ulipita juu juu ya kiti, sawa vile mtu anafunga mfuko wa makala juu ya kinga. Mikaba midogo ya kiti chenyewe ilikuwa inaning'inia juu ya blanketi. Tena mtoto alikuwa anaangalia mbele, kama sisi.

«Papa, tulitaka aone barabara», mkwe wangu alisema na sauti ya chini.

Tulirudi Lubumbashi pole pole. Siku ile nkambo hakumwona mjukuu wake.

Wazazi wengi mu mji huu sasa wananunua kiti cha mtoto, na ni vizuri. Lakini nimeangalia gari za watu tangu siku ile, ku parkingi ya kanisa, mbele ya masomo, ku soko, na ninasema wazi: viti vingi vimewekwa tu, havikufungwa. Na kiti chenye hakikufungwa, wakati wa aksida, ni mzigo kama mzigo mwingine.

Tuseme kwanza juu ya kugeuza mtoto, kwa sababu ni pale watu wanabisha zaidi. Mtoto mchanga anapaswa kukaa mgongo wake ukiangalia mbele ya gari, uso ukiangalia nyuma. Sababu ni shingo. Kichwa cha mtoto mwenye kuzaliwa sasa hivi ni karibu robo ya urefu wa mwili wake. Kwetu wakubwa ni moja juu ya saba ao nane. Kichwa ni kizito, na mifupa ya shingo haijakomaa, sehemu yake ingali laini. Gari inapogonga kitu mbele, kila kitu ndani kinataka kuendelea mbele. Mtoto mwenye kuangalia mbele, mikaba itashika mabega yake, lakini kichwa kitaenda, na shingo itavutwa. Mwenye kugeuzwa, kichwa, shingo na mgongo vinasukumwa vyote pamoja ndani ya ganda la kiti. Ganda njo linapokea nguvu.

Na nguvu ile si mchezo. Kugonga ukuta na kilometa 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa metre 10, ni kusema etaje ya tatu. Kwa wakati ule mdogo mtoto wa kilo 5 anavuta sawa vile ana kilo 70 na zaidi. Mama mwenye kusema «mimi nitamukamata mu mikono», aniambie kama anaweza kudaka mfuko wa simenti wenye kuruka. Hata mapenzi yake yawe makubwa namna gani, mikono itafunguka.

Wazo la kugeuza kiti lilitoka Sweden. Bertil Aldman, munganga na mtafiti wa chuo cha Chalmers ku Göteborg, aliona vile wasafiri wa anga wa Marekani, wale wa mpango wa Gemini, walikuwa wanalala mgongo juu ya viti vyao wakati chombo kinapanda, kusudi nguvu igawanyike ku mgongo wote. Akafikiri: kwa nini si watoto mu gari? Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ilianza kupima kiti cha namna ile. Leo huko Sweden watoto wengi wanabaki wamegeuka mpaka karibu miaka 4. Sheria ya Ulaya yenye kuitwa R129 inakataza kumgeuza mtoto mbele akiwa hajapata miezi 15. Kwa Marekani, ofisi ya usalama wa barabara inahesabu kama kiti cha mtoto kinapunguza vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja kwa 71% mu gari ndogo. Watu watasema: «Miguu yake itakunjama.» Ikunjame. Mtoto anakunja miguu hata akilala ku kitanda.

Siku ya kwanza iliyofuata tulipeleka gari kwa mekanisyen mmoja tunayemjua. Gari yetu ni Toyota ya kutoka Japani, kama nusu ya gari za mji huu, volani ku kuume. Mkwe wangu alitaka kiti kiwekwe mbele, pembeni ya shofere, kusudi amwone mtoto. Mekanisyen alishusha kile kibao cha kukinga jua, akatuonyesha alama: picha ya kiti cha mtoto yenye kukatwa na mstari mwekundu. Tulikuwa na gari hii miaka mine, hakuna mtu aliyeisoma.

«Papa, huku ndani kuko erbagi. Ikipasuka itapiga kiti ku mgongo, na kichwa ya mutoto iko palepale. Hapa mbele hapana, hata siku moja.»

Mfuko ule wa hewa unajaa mbele hujamaliza kufumba jicho. Kwa mtu mkubwa unaokoa. Kwa mtoto mwenye kugeuzwa unaua. Gari zingine za Ulaya ziko na ufunguo wa kuuzima. Yetu haina. Basi ni nyuma tu.

Upande gani wa nyuma? Hapa volani ya kuume inaleta neno lenye watu hawafikirii. Sisi tunatembea ku kuume ya barabara. Ukisimama, mlango wa kuume njo unafungukia pembeni, pahali pa miguu, na wa kushoto unafungukia kati, kwenye kamyo na pikipiki zinapita. Mtoto afaa atolewe upande wa kuume. Lakini mu gari kama yetu upande ule ni nyuma ya shofere, na kiti chenye kugeuzwa kinaomba nafasi. Mkwe wangu ni mrefu. Alipaswa kusogeza kiti chake mbele kidogo, magoti karibu na volani. Alinung'unika, kiisha akazoea. Pahali pa kati hapakufaa: mkaba wa pale unafunga tumbo tu, na kiti chetu kinaomba mkaba wenye kupita tumbo na bega.

Kiti hakikuwa na kitabu cha maelezo. Lakini kiti chenyewe kinasema, ukikigeuza ukaangalia vizuri. Nyuma kuna karatasi ya rangi ya machungwa: herufi E ndani ya duara, namba ya sheria, R44 ao R129, na kilo ao urefu wa mtoto. Chetu kiliandikwa mpaka kilo 13. Pembeni kuna picha ndogo zenye kuonyesha njia ya mkaba, na kwa viti vyenye kugeuzwa nyuma njia ile ni ya rangi ya bulu. Mekanisyen alifuata bulu na kidole chake, sawa vile mtoto wa masomo anafuata mstari.

Alivuta mkaba wote inje, akanyoosha ili usijipinde. Sehemu ya tumbo aliipitisha juu ya kiti, pahali miguu ya mtoto inakaa, ndani ya vikono viwili vya bulu, kimoja kila upande. Akafunga kifungo mpaka kikalia. Kiisha sehemu ya bega aliizungusha nyuma ya mgongo wa kiti, ndani ya kikono cha tatu cha bulu. Kufunga vile ni rahisi. Kukaza njo kazi. Aliegemea kiti na mkono mmoja, uzito wa mwili wake wote juu yake, na mkono mwingine akavuta sehemu ya tumbo kwanza, kisha ya bega, mpaka hakuna kilichobaki kulegea. Alitoka jasho. Ukimaliza kufunga kiti cha mtoto bila jasho, rudia.

Ku gari zingine mkaba ni mfupi, hauzunguki kiti. Pale watu wanatafuta kamba. Hapana. Jaribu pahali pengine pa nyuma, ao tafuta kiti kingine chenye kupatana na gari ile. Gari mpya kidogo ziko na vyuma viwili vya ISOFIX vyenye kujificha kati ya mgongo na pahali pa kukaa. Peleka kidole, utavigusa. Lakini kiti nacho kinapaswa kuwa na mikono ya kuvishika.

Kiisha ni kupima. Shika kiti pale mkaba unapita, si juu ku kichwa, na utikise kushoto na kuume, mbele na nyuma. Kisisogee zaidi ya sentimetre 2 na nusu. Chetu mara ya kwanza kilisogea upana wa mkono. Mekanisyen alifungua yote, akaanza upya. Mara ya tatu, ukitikisa kiti, gari yote ilitikisika.

Angalia pia mlalo wake, gari ikiwa pahali sawa, si ku mlima. Mtoto mchanga anaomba alale karibu nusu, degre 45 hivi. Kiti kikisimama sana, kichwa kitaanguka mbele, kidevu kitagusa kifua, na pumzi itazibwa kimya kimya. Viti vingi viko na mstari pembeni wenye kupaswa kulala sawa na ardhi. Yetu ilikuwa imesimama kidogo. Kama maelezo ya kiti hayakatazi, taulo yenye kukunjwa chini, pale magoti ya mtoto yanaelekea, inatosha kurekebisha. Kwa sababu ya pumzi ile ile, mtoto mchanga hafai kushinda ndani ya kiti. Safari ikiwa ndefu, simama, mtoe, anyonye, ajinyooshe. Na usimwache hata dakika moja mu gari yenye kufungwa juani.

Binti yangu njo alijifunza upande wa mikaba midogo. Inatoka ku tundu lenye kuwa sawa na mabega ya mtoto ao chini kidogo, si juu. Inakazwa mpaka vidole viwili havipati kukunja mkaba ku bega. Lakini mwezi wa sita na wa saba baridi inatupiga hapa, na mama zetu wanamvika mtoto nguo tatu, kitenge, na blanketi juu. Mkaba ukikaa juu ya vile vyote, unakaza nguo, haukazi mtoto. Aksida ikija nguo zinajikunja, mkaba unabaki na nafasi, mtoto anatoka. Mvike nguo nyepesi, mfunge, kiisha weka blanketi juu ya mikaba. Atapata joto vilevile.

Na okazio? Tulitoa kitambaa chote cha kiti tukaangalia ganda ku jua: hakuna ufa, hakuna mistari myeupe ya plastiki yenye kupindwa, mikaba haikukatika, kifungo kinalia vizuri. Lakini ufa wa ndani macho hayaoni, na kiti chenye kilipita ndani ya aksida hakifai tena. Ukiweza kununua kwa mtu mwenye atakueleza maisha yake, nunua kwa yule, hata akiomba dola 10 zaidi.

Nyuma ya wiki mbili tulifika Likasi. Nkambo alipoinama ku mlango alikasirika.

«Mulimugeuza mutoto sawa vile ametukana mutu? Haone hata barabara!»

«Mama, tikisa hii kiti», mkwe wangu alimjibu.

Mama alikamata kiti, akatikisa. Gari iliyumba. Alinyamaza kidogo, kiisha akamwita mtoto wake mdogo, mwenye kuendesha taksi na ambaye muke wake alikuwa na mimba ya miezi minane. Wakaenda wote wawili kuangalia viti vya nyuma vya taksi ile. Hakukuwa mkaba hata mmoja wa kuonekana. Kitambaa cha viti kilishonwa juu yake yote. Alileta kisu, akapasua mshono. Mikaba miwili ilitoka na mavumbi ya miaka. Mmoja ulikuwa umekatwa. Mwingine aliuvuta mpaka mwisho, akaufunga, ukalia vizuri.