Ofa ya nguo za wavulana: hesabu pesa yote inayotoka kwenye simu

Desemba ikifika, maduka ya nguo Kakuma na Lodwar hubandika karatasi ya OFA mlangoni. Kwa mzazi wa Lopur huu si wakati rahisi: watoto wako nyumbani, Krismasi inagonga, na Januari sare ya shule inangoja. Pesa ya kufanya hayo yote ni ile ile moja. Kwa hivyo ukiona bei imeshuka, swali si "imeshuka ngapi?" pekee. Uliza pia: mpaka nguo ifike nyumbani, simu yangu itakuwa imetoa ngapi?

Chukua mfano huu. Una wavulana wawili. Suruali na shati la kila mmoja zilikuwa 1,600, sasa ni 1,300. Kwa wote wawili utalipa 2,600 badala ya 3,200, yaani umeokoa 600. Vizuri. Lakini muuzaji anakwambia, "Nitumie kwa namba yangu, na uweke ya kutoa." Kwa ada za M-PESA zilizoanza Julai 2023, kutoa 2,600 ni shilingi 52, kwa hivyo unatuma 2,652, na kuituma kunakukata 53. Jumla ni 2,705. Ile 600 imebaki 495, na bado hujatoka dukani.

Ukilipa kwa till (Lipa na M-PESA, Nunua Bidhaa), wewe mteja hukatwi chochote. Ada iko upande wa mwenye duka. Ndiyo maana wengine hukwambia till "iko na shida leo." Huenda ni kweli, huenda si kweli. Ukiombwa utume kwa namba ya mtu, mwambie apunguze bei kwa kiasi cha ada, au umwachie nguo uende duka la pili. Soko la Kakuma si dogo: utafiti wa IFC uliotoka 2018 ulikuta biashara zaidi ya 2,000 kambini na mjini. Na kumbuka, Pochi la Biashara si till. Kulipa kwa Pochi unakatwa kama unayemtumia mtu.

Kuna wanaosema afadhali kwenda Lodwar kwa sababu ofa ya huko ni kubwa. Kutoka Kakuma ni kama kilomita 120 kwenda, na nyingine 120 kurudi. Kwa suruali moja, nauli inameza ofa yote. Labda majirani watatu wanne waungane, mmoja aende na orodha ya saizi. Pima kwa kamba kiuno na urefu wa mguu, usikisie kwa umri. Nguo za ofa mara nyingi ni saizi zilizobaki, na mvulana wa miaka tisa anaweza kuvaa ya miaka kumi na mbili, au ya saba.

Fuliza je? Ukikopa ili uwahi ofa, unalipa asilimia 1 ya kuanzia, kisha ada ya kila siku mpaka ulipe. Kama mshahara au pesa ya mbuzi inaingia kesho, sawa. Kama inaingia mwezi ujao, hiyo si ofa tena. Tena, nguo za Krismasi zikibaki, wenye maduka wengi huzishusha zaidi baada ya tarehe 26. Asiye na haraka ya kupiga picha ya sikukuu anaweza kungoja.

Bei ya zamani nayo ichunguze. Piga picha ya lebo mwishoni mwa Novemba, ulinganishe. Kudai kuna nafuu ya bei wakati haipo ni kosa chini ya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012.

Sasa wizi. Wakati wa ofa kurasa za Facebook na magrupu ya WhatsApp hujaa picha za suti ndogo za kupendeza, na maneno kama "lipa 500 tukushikie saizi." Ukituma kwa namba ya mtu usiyemjua, ile 500 imeenda. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha. Kama duka linaitwa hivi na jina ni la mtu mwingine kabisa, simama, uliza. Ujumbe kwamba umeshinda vocha ya nguo, upeleke 333, usijibu. Wa Safaricom hukupigia kwa 0722 000 000, na hatakuuliza PIN.

Ukikosea namba, tuma ule ujumbe wa malipo kwenda 456 mara moja, kabla pesa haijatolewa. Lakini hiyo ni ya kukosea namba. Suruali ikimbana mtoto, 456 haikusaidii. Hayo ni kati yako na duka. Kwa hivyo kabla ya kuweka PIN uliza: "Isipomtosha nitabadilisha? Kwa siku ngapi?" Jibu liandikwe nyuma ya risiti. Maduka mengine hayabadilishi nguo ya ofa hata kidogo, na ni heri ujue ukiwa bado umeshika pesa.

Ujumbe wa malipo usiufute, maana ile kodi yake ya herufi na namba ndiyo ushahidi wako. Ukishaupoteza, piga *334# uombe taarifa ya akaunti, uende nayo dukani pamoja na ile suruali, ikiwa haijafuliwa na lebo yake ingali imening'inia.