Msaada, Fidia na Haki ya Kukataa: Uchambuzi wa Istilahi za Maendeleo katika Rasi ya Afungi, Msumbiji

Ikisiri
Makala hii inafafanua jinsi uteuzi wa neno unavyoamua iwapo jamii maskini inaweza kukataa kinacholetwa na wageni. Inapitia mifano ya kukataa msaada kwa msingi wa uzalendo, kisha inaonyesha kwa nini msingi huo haufai kupimiwa Afungi kabla ya kutenganisha msaada na fidia.

1.0 Utangulizi
Katika historia ya ukanda huu, kukataa msaada kumejulikana zaidi kama tendo la dola. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi nchini Tanzania kutokana na mgogoro kuhusu uwakilishi wa Ujerumani Mashariki. Nyerere akaitaka iondoe na misaada yake mingine ya kiserikali. Desemba mwaka huohuo Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Azimio la Arusha la 1967 liliujengea msimamo huo nadharia: taifa linalotegemea zawadi na mikopo ya nje huuweka rehani uhuru wake. Wahenga walikwisha kusema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Ng’ambo ya Mto Ruvuma, Frelimo, iliyoanza vita vya ukombozi mkoani Cabo Delgado tarehe 25 Septemba 1964, ilipokea misaada ya nchi nyingi. Samora Machel hakuikataa; alichokataa ni kuihesabu kuwa sadaka. Kwake, mshikamano ulikuwa wajibu wa washirika wenye lengo moja.

Mifano hii ina masharti mawili ya pamoja. Kwanza, kinachokataliwa si deni analodai mpokeaji. Pili, anayekataa hubaki na kile alichokuwa nacho, hususan ardhi yake.

2.0 Hali ya Afungi
Afungi, wilayani Palma, masharti hayo hayatimii. Takriban hekta 7,000 zilitengwa kwa ajili ya viwanda vya gesi asilia. Wakazi wa vijiji kama Quitupo, waliotegemea mashamba, mikorosho, minazi na bahari, walipangiwa kuhamia Quitunda, na familia za kwanza zilihamia huko mwaka 2019. Shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021 lilisimamisha kazi za mradi huku baadhi ya ahadi zikiwa hazijatekelezwa.

Kisheria, ardhi ya Msumbiji ni mali ya dola wala haiuzwi. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi namba 19 ya 1997 inaitambua haki ya matumizi ya jamii inayokalia ardhi kwa mila, hata bila hati, na inaagiza jamii ishauriwe. Kwa hiyo nyumba, shamba mbadala na malipo ya miti ni badala ya kilichochukuliwa. Mkazi anayevikataa habaki na shamba lake la zamani; hupoteza vyote viwili.

3.0 Uchambuzi wa maneno
Msaada hutokana na kusaidia: mtoaji huanza kwa hiari, na mpokeaji hudaiwa shukrani. Fidia ni kinyume chake. Mwislamu wa pwani huijua fidia kutokana na saumu: asiyeweza kufunga hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku iliyompita. Ni malipo ya kilichokosekana, nayo yana kipimo. Anayehoji msaada huonekana hana shukrani. Anayehoji fidia anauliza hesabu.

Jina Pamoja Tunaweza, la taasisi ya maendeleo ya mradi unaoongozwa na TotalEnergies, linastahili kuangaliwa kwa mizani hiyo. Lilitangazwa mwaka 2023, baada ya ripoti ya Jean-Christophe Rufin, pamoja na bajeti ya dola milioni 200. Kiambishi tu- katika Kiswahili hakibainishi kama msikilizaji yumo ndani ya “sisi” au yuko nje. Isitoshe, kitenzi -weza hakijapewa yambwa: wanaweza nini, na nani anaamua? Shule au boti inayotolewa kwa jina hilo inaweza kupokewa kama hisani hata pale inapoziba pengo lililoachwa na uhamisho.

4.0 Hitimisho na mapendekezo
Kumwita mkazi wa Afungi mzalendo kwa kukataa, au adui wa maendeleo kwa kudai zaidi, ni kumpima kwa kipimo kisichomhusu. Uzalendo wa 1967 ulikataa zawadi. Haukumtaka mkulima asamehe deni. Washauri wa sera wanashauriwa mambo matatu: nyaraka zitenganishe fidia na msaada katika orodha mbili, maneno hayo yajadiliwe na wakazi wenyewe kwa Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kiswahili kabla ya mikataba kutiwa saini, na kila orodha ieleze wazi kinachotokea mkazi akisema hapana. Penye orodha ya msaada, jibu hilo lisimpunguzie chochote katika orodha ya fidia. Hapo ndipo kukataa kutakuwa uamuzi, na kupokea pia.