Bastola ya Kwanza Isiwe ya Baba

Hapa kwetu bastola ikitajwa, wengi hufikiria majambazi. Huko Marekani ni chombo cha michezo pia. Sheria ya mwaka 1994 humzuia aliye chini ya miaka 18 kuwa na bastola, lakini huruhusu mazoezi ya kulenga shabaha mzazi akitoa idhini kwa maandishi.

Kosa la baba wengi ni kumkabidhi kijana bastola yao wenyewe, ile ya milimita 9. Mlio hutisha na teke lake huutikisa mkono. Baada ya risasi chache tu, kijana hushtuka kabla hajafyatua, risasi ikaangukia chini ya shabaha. Tabia hiyo ikishaingia, kuitoa ni kazi!

Afadhali aanze na ya .22, kama Ruger Mark IV, ambayo teke lake ni dogo na risasi zake ni rahisi. Isiwe nyepesi mno, kwani uzito huituliza. Kidole kifikie kifyatulio bila kujinyoosha. Au aanze na bastola ya hewa ya mita 10, iliyompa Manu Bhaker wa India nishani mbili za shaba katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024.

Yoyote ile, nyumbani hufungiwa kabatini, na ufunguo hukaa na mzazi.