Jino Linalouma Wakati wa Kutafuna

Katika vilima vya Nyaramba, kaunti ya Nyamira, ambako muwa humenywa kwa meno, jino linalouma wakati wa kutafuna huhukumiwa mara nyingi kung'olewa, ingawa maumivu hayo yana vyanzo tofauti na kila chanzo kina tiba yake.

Chanzo kinachosahaulika upesi ni ufa. Gego lililokutana na kijiwe ndani ya maharagwe, au lililozoezwa kufungua chupa za soda, huweza kupasuka kidogo mno hata ufa usionekane katika picha ya eksirei, na mgonjwa huchomwa zaidi anapoachia kuliko anapouma, kwa kuwa pande za ufa husogea ghafla na kutikisa umajimaji ulio katika vijitundu vya dentini, tabaka lililo chini ya gamba gumu la jino, mpaka neva zishtuke. Hali hiyo ilipewa jina na Cameron, daktari wa meno wa Marekani, mwaka 1964. Daktari huitambua kwa kumng'atisha mgonjwa kijiti kwenye kila ncha ya jino, kisha hulivika jino taji, yaani kifuniko kigumu kinachozishika pande zote pamoja; ufa ukishafika ndani ya mzizi, aghalabu hakuna budi kung'oa.

Jino linalouma hata likigongwa taratibu, na ambalo mgonjwa huhisi limerefuka, kwa kawaida limeoza hadi kwenye kiini chenye neva na mishipa ya damu, na uambukizo umetokea nchani mwa mzizi. Tiba ya mzizi huliokoa: baada ya kutia ganzi, daktari husafisha mifereji ya mizizi na kuiziba. Kazi hiyo hudai vifaa, fedha na pengine safari kadhaa hadi mjini Kisii, hivyo si ajabu wengi huchagua kung'oa, lakini pengo la gego huyafanya meno jirani yainame na jino linalolielekea katika taya jingine lijitokeze, hasara ambayo mgonjwa anastahili kuelezwa kabla ya koleo kushikwa.

Jino lililozibwa karibuni huenda likauma kwa sababu tu kizibo kimezidi kimo, na kukisugua ni kazi ya dakika chache.

Mafuta ya karafuu hutuliza kwa muda, ilhali aspirini iliyowekwa juu ya fizi huiunguza. Shavu au shingo ikivimba pamoja na homa au ugumu wa kumeza, mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyohiyo, kwani uambukizo wa magego ya chini huweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa.