Historia ya awali ya injini ya mvuke na reli

Injini ya mvuke ni mashine inayogeuza joto kuwa mwendo kwa kutumia mvuke wa maji. Reli ni njia ya vyuma viwili sambamba ambayo magurudumu ya mabehewa hupita juu yake. Leo vitu hivi viwili hukumbukwa pamoja kwa sababu ya garimoshi, lakini kila kimoja kilikuwa na historia yake. Njia za reli zilikuwepo Uingereza kwa miaka 200 kabla ya garimoshi la kwanza, na mabehewa yake yalivutwa na farasi. Injini ya mvuke nayo ilifanya kazi kwa karibu miaka 100 ikiwa imejengwa mahali pamoja bila kusogea. Vilikutana mwanzoni mwa karne ya 19, kwenye migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma.

Wanafunzi wengi husimuliwa kwamba James Watt aligundua injini ya mvuke baada ya kutazama birika likichemka. Habari hiyo si sahihi. Watt alizaliwa mwaka 1736, na wakati huo injini za mvuke zilikuwa zimeshatumika migodini kwa miaka 24. Injini hii haikugunduliwa na mtu mmoja: kila fundi alirekebisha kasoro iliyoachwa na aliyemtangulia.

Nguvu ya mvuke na nguvu ya hewa

Lita 1 ya maji ikichemka hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Mvuke huo ukipozwa ndani ya chombo kilichofungwa, hurudi kuwa maji kidogo na kuacha ombwe, yaani nafasi isiyo na kitu. Hapo kanieneo ya angahewa, ambayo daima inasukuma kutoka pande zote, inaweza kusukuma kifuniko cha chombo hicho kwa nguvu kubwa. Kwa hiyo kuna njia mbili za kupata kazi kutoka kwa mvuke: kuuacha usukume wenyewe, au kuupoza ili hewa isukume. Injini za kwanza zilitumia zaidi njia ya pili, kwa sababu mafundi wa wakati ule hawakuweza kutengeneza boila ya kustahimili mvuke wenye kanieneo kubwa.

Katika karne ya 1 BK, Heron wa Aleksandria nchini Misri alieleza tufe lililozungushwa na mvuke, lakini halikutumika kwa kazi yoyote. Mwaka 1690 Mfaransa Denis Papin alieleza wazo la pistoni inayosogea ndani ya silinda kwa mvuke unaopozwa. Wazo hilo ndilo lililokuja kuwa msingi wa injini.

Maji migodini

Uingereza ya karne ya 17 ilikuwa na uhaba wa kuni, na makaa ya mawe yalihitajika zaidi na zaidi. Wachimbaji waliposhuka chini zaidi walikuta maji yanayofurika, na pampu za kuendeshwa na farasi hazikutosha. Mgodi uliojaa maji ulipaswa kuachwa.

Mwaka 1698 Thomas Savery alipata hataza ya mashine ya kuinua maji kwa moto. Haikuwa na pistoni. Mvuke ulipozwa ndani ya chombo, na ombwe lililotokea lilivuta maji. Kasoro yake ilikuwa kwamba hewa haiwezi kuinua maji zaidi ya mita 10 hivi. Ili kuyapandisha zaidi ulihitajika mvuke wenye nguvu, nao ulipasua viungo vya mabomba.

Thomas Newcomen (1664-1729), mfanyabiashara wa vyombo vya chuma kutoka mji wa Dartmouth, alitatua tatizo hilo. Mwaka 1712 injini yake ilianza kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe karibu na Dudley. Ilikuwa na boriti kubwa iliyoning'inia kama mizani. Upande mmoja ulikuwa na pistoni ndani ya silinda, na upande wa pili ulikuwa na fimbo ya pampu iliyoshuka mgodini. Mvuke ulijaza silinda, kisha maji baridi yalinyunyizwa ndani. Mvuke ukapoa, ombwe likatokea, na hewa ikaisukuma pistoni chini. Boriti iliinama upande huo na kuinua maji upande wa pili. Mashine ya Dudley ilifanya hivyo mara 12 kwa dakika na kutoa takriban lita 45 kila mara, kutoka kina cha mita 47 hivi.

Kasoro ya kupoteza joto

Injini ya Newcomen ilikula makaa mengi mno. Kwenye mgodi wa makaa ya mawe jambo hilo halikuwasumbua wenye mali, kwani ilichomwa chenga isiyouzika. Lakini katika migodi ya shaba na bati ya Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, hakukuwa na makaa. Yalipaswa kuletwa kwa meli.

James Watt (1736-1819) alikuwa fundi wa vyombo vya kisayansi katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti. Katika miaka 1763-1764 alipewa kazi ya kutengeneza mfano mdogo wa injini ya Newcomen uliokuwa haufanyi kazi vizuri. Alipima na kuona kwamba mvuke mwingi uliishia kupasha moto tena silinda ambayo muda mfupi uliopita ilikuwa imepozwa kwa maji. Mwaka 1765 alipata jibu: silinda ibaki na joto wakati wote, na mvuke ukapozwe katika chombo kingine, yaani kondensa. Alipata hataza mwaka 1769.

Bado silinda za wakati ule hazikuwa mviringo sawasawa, na mvuke ulivuja pembeni mwa pistoni. Tatizo hilo liliisha baada ya John Wilkinson kubuni, mwaka 1774, mashine ya kutoboa mizinga ya chuma kwa usahihi, ambayo iliboreshwa ili kutengenezea silinda. Pamoja na mwenye kiwanda Matthew Boulton wa Birmingham, Watt alianza kuuza injini mwaka 1776. Wateja walilipa theluthi moja ya thamani ya makaa waliyookoa kuliko kama wangetumia injini ya Newcomen. Katika miaka ya 1780 Watt aliongeza njia ya kugeuza mwendo wa kupanda na kushuka kuwa mwendo wa kuzunguka, na hapo injini ikaweza kuendesha mashine za viwandani. Kizio cha nguvu cha kimataifa, wati, kimepewa jina lake.

Hata hivyo Watt aliogopa mvuke wenye kanieneo kubwa, na hataza yake, iliyoongezewa muda na Bunge hadi mwaka 1800, iliwazuia wengine kutumia kondensa bila kumlipa. Injini zake zilibaki kubwa na nzito. Hazikufaa kuwekwa juu ya magurudumu.

Reli kabla ya garimoshi

Katika karne ya 16, wachimbaji wa madini wa nchi za Kijerumani walisukuma magari madogo juu ya mbao zilizolazwa chini. Uingereza ilikuwa na njia ya mbao huko Wollaton, karibu na Nottingham, tangu mwaka 1604. Farasi anayevuta behewa kwenye reli huweza kuvuta mzigo mkubwa mara kadhaa kuliko kwenye barabara ya matope, kwa sababu magurudumu hayazami na msuguano ni mdogo. Mbao zililika haraka, kwa hiyo mwaka 1767 kiwanda cha Coalbrookdale kilianza kuzifunika kwa vipande vya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu.

Trevithick na reli zilizovunjika

Richard Trevithick (1771-1833) alikulia kwenye migodi ya Cornwall. Aliacha kondensa na kutumia mvuke wenye kanieneo kubwa, ambao ulisukuma pistoni wenyewe kisha ukatoka nje. Kwa njia hiyo injini ndogo ilitoa nguvu nyingi. Hatari yake ilionekana mwaka 1803, pale boila ya mojawapo ya injini zake ilipopasuka huko Greenwich na kuua watu 4.

Tarehe 21 Februari 1804 injini yake ilivuta tani 10 za chuma na watu 70 kutoka kiwanda cha Penydarren, Welisi, kwa umbali wa kilomita 16 hivi. Safari hiyo ilichukua saa 4 na dakika 5. Ilikuwa mara ya kwanza kwa injini ya mvuke kuvuta mzigo kwenye reli. Lakini injini ilikuwa na uzito wa tani 5 hivi, na reli zilikuwa za chuma cha kusubu, ambacho ni kigumu lakini huvunjika kirahisi. Baada ya safari chache zilizovunja reli, mwenye kiwanda alirudia farasi. Trevithick alikufa maskini.

Somo la Penydarren ni kwamba injini bora haitoshi. Garimoshi ni injini na njia pamoja, na mwaka 1804 injini ilikuwa imetangulia njia yake.

Stephenson na mashindano ya Rainhill

Vita vya Napoleon vilipandisha bei ya farasi na ya chakula chao, na wenye migodi wakarudi kwenye mvuke. Mwaka 1812 magarimoshi yalianza kazi ya kudumu kwenye reli ya Middleton, mjini Leeds.

George Stephenson (1781-1848) alizaliwa Wylam. Baba yake alichochea moto wa injini ya pampu, na George mwenyewe alijifunza kusoma akiwa na miaka 18 hivi. Alijenga garimoshi lake la kwanza mwaka 1814 kwenye mgodi wa Killingworth. Mwaka 1820 John Birkinshaw alipata hataza ya reli ndefu za chuma cha kufuliwa, ambacho hupinda kidogo bila kuvunjika. Stephenson alizichagua kwa sehemu kubwa ya reli ya Stockton na Darlington, iliyofunguliwa tarehe 27 Septemba 1825.

Mwaka 1829 kampuni ya reli ya Liverpool na Manchester iliandaa mashindano huko Rainhill yenye zawadi ya pauni 500. Mshindi alikuwa Rocket, iliyojengwa na Robert Stephenson, mwana wa George. Badala ya bomba moja kubwa, moto wake ulipita kwenye mirija 25 ya shaba ndani ya boila, na hivyo maji yalipata joto kwa haraka. Mvuke uliotumika ulielekezwa kwenye dohani ili kuvuta hewa na kuchochea moto. Rocket ilifikia mwendo wa kilomita 47 hivi kwa saa.

Reli hiyo ya kilomita 50 ilifunguliwa tarehe 15 Septemba 1830. Siku hiyohiyo mbunge William Huskisson, aliyeshuka kwenye behewa wakati treni imesimama, aligongwa na Rocket akafa jioni.

Gharama kwa wanadamu

Pampu za mvuke ziliwezesha kuchimba chini zaidi, na huko chini walifanya kazi hata watoto. Ilikuwa mwaka 1842 tu ambapo sheria ya Uingereza ilikataza wanawake na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi ndani ya migodi. Pamba iliyosafirishwa kutoka bandari ya Liverpool kwenda viwanda vya Manchester ililimwa kwa sehemu kubwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Faida za mvuke hazikugawanywa sawa kwa wote waliozitolea jasho.

Kuenea

Ubelgiji na Ujerumani zilipata reli za mvuke mwaka 1835, na Uhindi mwaka 1853. Barani Afrika, Misri ilitangulia: reli kutoka Aleksandria ilifika Kairo mwaka 1856. Katika Afrika Mashariki, Wajerumani walianza kujenga kutoka Tanga mwaka 1893, na Waingereza kutoka Mombasa mwaka 1896. Reli hiyo ya pili ilifika Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 2,500 walioletwa kutoka Uhindi walikufa katika ujenzi wake.

Reli hizo za kikoloni zilikuwa na upana wa mita 1. Reli mpya za SGR za Kenya na Tanzania zina upana wa milimita 1,435. Kipimo hicho kilitokana na njia za farasi za migodi ya kaskazini mashariki mwa Uingereza, ambako Stephenson alikikuta na kukiendeleza.

Nani aligundua?

Kwa ufupi, Papin alieleza pistoni, Savery aliuza mashine ya kwanza ya kuinua maji kwa mvuke, na Newcomen alijenga injini ya kwanza ya pistoni iliyofanya kazi. Watt aliipunguzia ulaji wa makaa na kuiingiza viwandani. Trevithick aliiweka juu ya reli, Birkinshaw aliboresha reli za kubeba uzito wake, na akina Stephenson waliunganisha yote kuwa usafiri wa kila siku. Anayeulizwa swali hili kwenye mtihani na ataje kwanza ni injini ipi, na ya kazi gani.